Habari za Ira Aldridge, Mwigizaji

Katika kidato cha sita sisi tunaosoma sanaa za maonyesho tu wanafunzi saba, na chumba chetu ni kile kilichokuwa ghala ya viti, nyuma ya maabara. Wenzetu wa sayansi wakipita dirishani wakatuona tumelala chali sakafuni, tukijifunza kuvuta pumzi na kutoa sauti kutoka tumboni, hucheka sana, nasi tumekwisha kuzoea. Lakini wanaotushangaa si wanafunzi peke yao. Baba yangu aliposikia nimechagua somo hili pamoja na historia na fasihi, aliniuliza kwa upole kama kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kucheza. Swali hilo ni la haki, maana karo ni yake.

Basi muhula uliopita mwalimu wetu alitupa kazi. Kila mmoja wetu achague mtu mmoja wa jukwaani aliyekufa zamani, asome habari zake, kisha aeleze mtu huyo alijifunzaje kazi yake: nani alimfundisha, alifanya mazoezi gani, alipata shida gani na alizishindaje. Mwenzetu mmoja alimchagua Molière wa Ufaransa, wawili wakamchagua Stanislavsky wa Urusi. Mimi nilimchagua Ira Aldridge, kwa sababu mwaka huu tunasoma mchezo wa Othello wa Shakespeare, na katika utangulizi wa kitabu changu jina lake lilitajwa kwa mstari mmoja tu. Nilitaka kujua kwa nini mstari mmoja. Mhariri ameniruhusu niwaeleze yale niliyoyapata, ninyi wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kuondoka shuleni.

Ira Frederick Aldridge alizaliwa katika mji wa New York, Marekani, tarehe 24 Julai 1807. Wazazi wake, Daniel na Luranah, walikuwa watu weusi walio huru. Lakini msidhani uhuru huo ulikuwa mpana. Katika jimbo la New York utumwa haukukomeshwa kabisa mpaka tarehe 4 Julai 1827, na wakati huo Ira alikuwa amekwisha kwenda zake. Kwa hiyo utoto wake wote aliupitisha katika mji ambao mtu mweusi uliyekutana naye njiani huenda alikuwa huru kama wewe, na huenda alikuwa mali ya mtu. Baba yake aliuza majani makavu barabarani, na pia alikuwa akihubiri. Nia yake ilikuwa mwanawe naye awe mhubiri.

Ira alipelekwa katika shule iliyoitwa African Free School, ambayo ilianzishwa mwaka 1787 na chama cha watu waliotaka watumwa waachwe huru. Nasema neno juu ya shule hii kwa sababu haikuwa shule ya mzaha. Mwaka 1824 Jemadari Lafayette wa Ufaransa alipoitembelea, aliyechaguliwa kusimama mbele yake na kumtolea hotuba ya kumkaribisha alikuwa mtoto wa miaka 11, James McCune Smith. Mtoto huyo baadaye alikataliwa na vyuo vya Marekani kwa rangi yake, akavuka bahari akasoma Glasgow, na mwaka 1837 akapata shahada ya udaktari. Ira alisoma shule hiyo hiyo. Mtu aliyezoezwa tangu udogoni kusimama wima mbele ya wageni na kusema kwa sauti ya kusikika, huyo amekwisha kupata nusu ya kazi ya jukwaani.

Nusu ya pili aliipata mahali ambapo baba yake asingependa. Mjini New York palikuwa na nyumba kubwa ya michezo iliyoitwa Park Theatre, na watu weusi waliruhusiwa kuingia, lakini mahali pao palikuwa juu kabisa, kwenye roshani iliyo mbali na jukwaa. Huko ndiko kijana Ira alikokuwa akikaa na kutazama. Mwalimu wetu hutuambia kwamba mwanafunzi wa maigizo lazima ajifunze kwanza kutazama, na mimi nikimfikiri kijana yule juu ya roshani, akijikaza kusikia kila neno kutoka mbali vile, naona alikuwa darasani kweli kweli, ingawa hakuna aliyemwandika katika daftari ya mahudhurio.

Mwaka 1821 likatokea jambo ambalo halijapata kutokea Marekani. Mtu mweusi aliyeitwa William Brown, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa melini, alianzisha kundi la waigizaji weusi, na nyumba yao ikaitwa African Grove. Mchezo wao wa kwanza mkubwa ulikuwa Richard III wa Shakespeare, na mchezaji wao mkuu alikuwa James Hewlett. Watu walijaa. Weupe nao walikuja kutazama, wengine kwa kupenda na wengine kwa kutaka kucheka. Brown akapata moyo, akakodi ukumbi jirani kabisa na Park Theatre. Hapo ndipo balaa lilipoingia. Mwezi wa Januari 1822 polisi waliingia mchezo ukiendelea, wakawakamata waigizaji, na hawakuwaachilia mpaka walipotoa ahadi kwamba hawatacheza tena michezo ya Shakespeare. Tafadhali someni sentensi hiyo mara mbili. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wahuni walivamia ukumbi wao, wakawapiga na kuharibu vitu. Brown hakukata tamaa upesi. Mwaka 1823 alitoa mchezo alioutunga mwenyewe juu ya uasi wa watu weusi katika kisiwa cha St Vincent, ambao huhesabiwa kuwa mchezo wa kwanza ulioandikwa na mtu mweusi katika Marekani. Maneno ya mchezo huo yamepotea. Baada ya muda kundi likavunjika.

Ira alikuwa akicheza na watu hawa. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa ya Rolla, jemadari wa Peru anayepigana na Wahispania, katika mchezo uitwao Pizarro. Alipoona mambo ya New York yanavyokwenda, akaamua kuondoka. Mwaka 1824 aliabiri meli ya kwenda Liverpool akifanya kazi ya utumishi humo melini, akafika Uingereza akiwa kijana wa miaka 17. Hakurudi tena.

Mwezi wa Mei 1825, kabla hajatimiza miaka 18, alikuwa jukwaani katika nyumba ndogo ya michezo upande wa mashariki wa London, akicheza Othello. Mwezi wa Oktoba alicheza katika nyumba kubwa zaidi, Royal Coburg, ambayo leo huitwa Old Vic, sehemu ya Oroonoko, mtoto wa mfalme wa Kiafrika aliyeuzwa utumwani. Watazamaji walimpigia makofi. Magazeti yalisema mengine. Gazeti moja kubwa liliandika kwamba kwa umbo la midomo yake hawezi kamwe kutamka Kiingereza sawasawa. Nilipousoma uamuzi huo nilifikiri Kiingereza kilikuwa lugha ya mama yake na ya baba yake, wala hakuwa na nyingine.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alimwoa Margaret Gill, Mwingereza wa Yorkshire, nao wakaishi pamoja mpaka bibi huyo alipofariki mwaka 1864. Kisha akashika njia ya miji midogo.

Hapa lazima nieleze kazi ya uigizaji ilivyokuwa siku zile, maana bila kufahamu hilo hamtafahamu Aldridge alijifunzaje. Kila mji wa kiasi katika Uingereza ulikuwa na nyumba yake ya michezo na kundi lake la waigizaji, nao waliijua michezo mingi kwa moyo. Mwigizaji mgeni mwenye jina alifika, akafanya nao mazoezi asubuhi, na jioni pazia likafunguliwa. Leo Othello, kesho mchezo mwingine, keshokutwa mwingine tena. Usiku wa mwisho mapato yalikuwa yake, na kama watu wa mji hawakumpenda, basi aliondoka mfuko mtupu. Hakuna mtihani mkali kuliko huo. Sisi hupewa muhula mzima kutayarisha mchezo mmoja, na bado mtu husahau maneno.

Wakubwa wetu waliosoma Makerere huenda wakakumbuka kundi la wanafunzi lililoanza katika miaka ya 1960, ambalo lilikuwa likizunguka mjini na vijijini, Uganda na Kenya, likicheza bure kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kwetu. Nimeambiwa na mzee mmoja aliyelitazama akiwa mtoto kwamba waigizaji walikuwa wakibadilisha sauti na mwendo kila walipofika mahali papya, kwa kuwa kiwanja cha soko si sawa na ukumbi wa shule. Aldridge aliishi maisha ya namna hiyo, lakini kwa miaka mingi, na kwa riziki.

Mwaka 1828 alifika Coventry, na watu walimpenda hata akapewa kuisimamia nyumba ya michezo ya mji huo, akiwa na miaka ipatayo 20. Hapakuwa na mtu mweusi aliyepata kushika kazi kama hiyo katika Uingereza kabla yake. Hakukaa sana, miezi michache tu, lakini alisema na watu wa mji juu ya utumwa, na baadaye watu wa Coventry walipeleka ombi Bungeni wakitaka utumwa ukomeshwe. Mwaka 2017 mji huo uliweka kibao cha kumkumbuka.

Sasa nafika mwaka 1833, ambao ndio moyo wa habari hizi.

London ilikuwa na nyumba mbili za michezo zilizokuwa na hadhi kupita zote, na moja ilikuwa Covent Garden. Mwigizaji mkuu wa zama zile alikuwa Edmund Kean. Tarehe 25 Machi 1833 Kean alikuwa akicheza Othello hapo, na mwanawe Charles akicheza Iago, mara akaishiwa nguvu katikati ya mchezo, akaanguka mikononi mwa mwanawe. Hakusimama jukwaani tena. Alikufa tarehe 15 Mei. Mwenye kuongoza Covent Garden alitafuta mtu wa kuishika sehemu ile, akamwita Aldridge. Kwa wale wasioujua mchezo: Othello ni jemadari mweusi anayewatumikia watu wa Venisi, amemwoa Desdemona, msichana wa nyumba kubwa. Iago, msaidizi wake, anamtia wivu kwa uongo mpaka anamwua mkewe kwa mikono yake. Tangu Shakespeare alipouandika, miaka zaidi ya 200, katika nyumba kubwa za London sehemu hiyo ilikuwa ikichezwa na watu weupe waliojipaka rangi usoni.

Kabla hajakanyaga jukwaa, magazeti mengine yalikuwa yamekwisha kumhukumu. Shida haikuwa uchezaji wake, maana walikuwa hawajamtazama. Ilikuwa ni kwamba mtu mweusi amshike mkono Ellen Tree, bibi mweupe aliyekuwa akicheza Desdemona, mbele ya watu. Tena angalieni wakati wenyewe. Mwaka huo huo Bunge lilikuwa likijadili sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza, na wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya West Indies walikuwa na fedha nyingi na rafiki wengi London. Mtu mweusi akisimama Covent Garden na kuyasema maneno ya Shakespeare vizuri kuliko wengi wao, je, wangeendelea kueleza vipi kwamba mtu huyo ni mali kama punda? Sheria ilipita mwezi wa Agosti 1833, na waliolipwa fidia ya pauni milioni 20 ni wenye watumwa. Watumwa hawakulipwa kitu.

Aldridge alicheza tarehe 10 Aprili. Watazamaji walimshangilia. Akacheza tena tarehe 12 Aprili. Kisha basi. Hapakuwa na usiku wa tatu. Ni kweli kwamba siku zile homa ya mafua ilikuwa imeenea London na nyumba za michezo zilikuwa nusu tupu, na wengine huitaja homa hiyo kuwa ndiyo sababu. Mimi nimeyasoma maelezo ya pande zote mbili, na naona mafua yalitumika kama kifuniko. Mtu aliyeitwa kumrithi Kean asingeachwa baada ya siku mbili kwa ajili ya mafua, halafu mlango ufungwe kwa miaka.

Alikuwa na miaka 25, ana mke, na mlango wa kazi yake umefungwa usoni pake katika mji ambao pekee ungeweza kumpa jina. Angeweza kuiacha kazi ile. Alirudi kwenye miji midogo, katika Uingereza, Scotland na Ireland, akacheza huko karibu miaka 20.

Miaka hiyo ndiyo vitabu vingi hupita kwa mistari miwili, nami naiona ndiyo miaka mikubwa. Michezo yenye sehemu za watu weusi ilikuwa michache, akaimaliza. Akaanza kucheza sehemu za weupe: Macbeth, Richard III, Mfalme Lear, na Shylock, yule mkopeshaji wa fedha ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kutoka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Kwa sehemu hizo alijipaka rangi nyeupe na kuvaa nywele za bandia. Waingereza walikuwa wamejipaka rangi nyeusi kucheza Othello kwa miaka 200. Yeye aliigeuza desturi yao, nao hawakuwa na neno la kusema.

Alikuwa pia na mchezo mmoja wa kuchekesha, The Padlock, ambao ndani yake mna mtumwa mlevi aitwaye Mungo. Mchezo huo ulitungwa mwaka 1768, na sehemu ya Mungo ikachezwa na mzungu aliyejipaka rangi nyeusi. Aldridge mara nyingi alicheza Othello kwanza, kisha usiku huo huo, baada ya kupumzika kidogo, akarudi jukwaani akiwa Mungo, akiimba na kucheka. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza sikupenda. Niliona kama anawapa watazamaji yule mtu mweusi wanayemtaka. Mwenzangu mmoja darasani hapendi mpaka leo, na tulibishana juu yake mpaka kengele ya chakula. Lakini katika chumba chetu tulijaribu zoezi hilo: mtu acheze Othello anapoua, kisha baada ya dakika kumi achekeshe. Katika watu saba hakuna aliyeweza. Mwili hukataa. Kifua bado kimebana na sauti inatoka nzito. Mtu aliyeweza kufanya hivyo usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliolipa, alikuwa ameutawala mwili wake kama fundi anavyoitawala randa. Tena usiku wa mwisho katika kila mji alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya pazia na kusema na watazamaji mwenyewe, si Othello wala Mungo, akiwaeleza ubaya wa utumwa. Walikuwa wamemlilia na kumchekea; sasa ilikuwa vigumu kutomsikiliza.

Liko jambo jingine ambalo siwezi kulificha. Katika matangazo yake aliitwa Roscius wa Kiafrika, na hadithi ilienezwa kwamba yeye ni mjukuu wa watawala wa Kifulani wa Senegal. Hadithi hiyo haikuwa kweli. Tumekwisha kuona alizaliwa wapi na baba yake aliuza nini. Waigizaji wa siku zile walijipamba hivyo, naye alijua kwamba Waingereza watamlipa mwana wa mfalme na watampuuza mwana wa mchuuzi. Namwelewa, ingawa ningependa zaidi kama angewaambia ukweli. Lakini jina la Roscius lilimfaa kuliko pengine wale wapiga chapa walivyojua, maana Roscius alikuwa mwigizaji mashuhuri wa Roma ya kale, na alizaliwa mtumwa.

Mwaka 1852 aliondoka na kundi lake kwenda bara la Ulaya, akianzia Brussels. Akapita miji ya Ujerumani, Austria na Hungaria. Punde kundi lake la Kiingereza likatawanyika, akabaki akicheza na waigizaji wa kila nchi aliyofika. Yeye alisema kwa Kiingereza, nao wakamjibu kwa Kijerumani au kwa lugha yao. Fikirini hali hiyo! Desdemona anamwomba asimwue kwa lugha moja, naye anamkatalia kwa nyingine, na wengi wa watazamaji hawajui neno la Kiingereza. Wangefuata nini ila uso wake, mikono yake, kupanda na kushuka kwa sauti yake, na jinsi alivyonyamaza? Hapo ndipo miaka ya miji midogo ilipozaa. Yule ambaye London ilisema hawezi kutamka Kiingereza alifahamika na watu wasiokijua Kiingereza kabisa.

Heshima zikaja mfululizo. Mwaka 1853 Mfalme wa Prussia alimpa nishani ya dhahabu ya sanaa na elimu. Mwaka 1858 mtawala wa Saxe-Meiningen alimpa nishani na cheo cha heshima. Fedha nazo zilikuja. Baadaye alikuwa na nyumba yake London, upande wa Upper Norwood, akaiita kwa jina la mama yake, Luranah. Habari ya nyumba hii nilimsomea baba wakati wa likizo, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na chai yake.

Mwishoni mwa mwaka 1858 alifika St Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo. Katika nchi ile wakulima mamilioni walikuwa bado mali ya mabwana zao, wakiuzwa pamoja na mashamba. Huko alikutana na Taras Shevchenko, mshairi mkuu wa Ukraina, ambaye pia alikuwa mchoraji. Shevchenko alizaliwa mwaka 1814 katika hali hiyo ya utumwa; mwaka 1838 rafiki zake walimnunulia uhuru kwa rubli 2,500; kisha mwaka 1847 mfalme wa Urusi akamhamishia mbali na kumtia jeshini kwa sababu ya mashairi yake, akakaa huko miaka kumi. Aldridge hakujua Kirusi, Shevchenko hakujua Kiingereza. Binti mdogo wa Fyodor Tolstoy, mkuu mmoja wa chuo cha sanaa, alikaa kati yao akifasiri. Waliimbiana nyimbo za kwao. Shevchenko akaketi kumchora, na picha hiyo ipo mpaka leo: mtu wa makamo, mwenye macho ya kutazama mbali kidogo. Wakulima wa Urusi waliachwa huru mwaka 1861, na Shevchenko alifariki mwaka huo huo.

Aldridge aliendelea kuzunguka Urusi, akifika miji ambayo haijapata kuona mwigizaji mgeni. Mwaka 1863 alipata uraia wa Uingereza. Mwaka 1865, baada ya kufiwa na Margaret, alimwoa Amanda von Brandt, mwimbaji wa Kiswidi. Mwaka huo huo utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote, na akaanza kufanya mipango ya kurudi kucheza katika nchi aliyozaliwa. Hakuwahi. Alikuwa safarini kwa kazi katika mji wa Łódź, Polandi, alipougua, akafa tarehe 7 Agosti 1867, akiwa na miaka 60. Alizikwa huko huko, katika makaburi ya Waprotestanti, na kaburi lake linatunzwa.

Huko Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare, jina la Aldridge limo kati ya waigizaji 33 walioandikwa katika vibao vya shaba ndani ya nyumba ya michezo. Na jambo moja zaidi. Alipokufa alikuwa na binti wa mwaka mmoja na miezi, Amanda. Mtoto huyo alikua akasoma muziki London, akatunga nyimbo kwa jina la Montague Ring, akafundisha watu kuimba na kutamka. Mwaka 1930 Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, alipokuwa akijitayarisha kucheza Othello mjini London, alikwenda kwake kufundishwa matamshi. Amanda alimpa vipuli vya dhahabu ambavyo baba yake alikuwa akivaa katika sehemu hiyo hiyo. Alifariki mwaka 1956, na mwaka 1959 Robeson alicheza Othello Stratford.